Akili za Watu si Mali ya Hospitali wala ya Mganga

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyohiyo hupita Dodoma, na Dodoma ndiko Waingereza walikojenga Mirembe katika miaka ya 1920, hospitali ambayo mpaka leo ndiyo ya taifa kwa magonjwa ya akili. Familia ya Ujiji au Mwandiga ikishindwa na ndugu aliyechafukwa akili, matibabu ya ngazi ya juu yako karibu kilometa 800 kwa treni. Familia ya Kalya, kusini kule karibu na milima ya Mahale, huanza na boti kabla ya kuifikiria treni, na kabla ya boti huuza mbuzi au mapipa ya mawese ili nauli ipatikane.

Umbali huo uliamuliwa na watu, na kila bajeti inayopita bila kuugusa inauamua upya. Ndiyo maana nasema afya ya akili ni suala la siasa kama ilivyo la tiba. Nani ana mamlaka ya kusema fulani ni mgonjwa? Nani anamfunga, nani anamfungua? Fedha zinakwenda wapi? Na mgonjwa mwenyewe anaulizwa lini? Ubishi wetu wa miaka mingi, hospitali au mganga, vidonge au kisomo, umetusahaulisha maswali hayo. Mimi nadai kipimo kimoja kwa wote, daktari, mganga, shehe, mchungaji na ndugu wa damu: je, mgonjwa amekubali, amelindwa asiumizwe, na amebaki na nafasi yake miongoni mwa watu wake?

Tuanze na hospitali, maana ndiyo yenye nguvu ya dola nyuma yake. Nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika Mashariki ilifunguliwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1904 huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipokuwa kituo cha watoto waliookolewa utumwani. Nairobi ikafuata mwaka 1910 na hospitali inayoitwa sasa Mathari. Nyumba hizi zilitunza watu, na nyingine zilitunza kwa upendo. Lakini serikali za kikoloni zilizihitaji pia kwa kazi ya pili, kuwaondoa barabarani watu waliowasumbua mabwana shauri.

Kazi hiyo ilifika mbali kuliko tunavyokumbuka. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapa andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi yao walielezwa humo kama watu waliovurugika nafsi kwa kukwama kati ya mila na usasa. Dai la haki likageuzwa kuwa dalili ya ugonjwa. Katika miaka hiyohiyo, Frantz Fanon alikuwa akiongoza wodi katika hospitali ya Blida, Algeria. Mwaka 1956 alijiuzulu, akieleza kwamba hawezi kuendelea kuwatuliza watu ndani ya utawala unaowanyima utu. Wote wawili walikuwa madaktari wa akili, wote wawili waliwatibu Waafrika. Kilichowatenganisha ni jibu la swali moja: huzuni na ghadhabu ya mtu aliyeonewa ni ugonjwa wa nani?

Swali hilo linatuhusu sana sisi wa ukanda wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu hapa watu wamekuwa waking'olewa na kupandwa upya kwa zaidi ya karne moja na nusu. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kutoka ng'ambo ya ziwa, nchi ya Manyema katika Kongo ya leo, watu walivushwa kwa mitumbwi, wengine watumwa, wengine wapagazi, wengine wafuasi wa wafanyabiashara wa pembe. Wajukuu wao ndio wenye mji leo. Mwanahistoria Sheryl McCurdy, katika tasnifu yake ya mwaka 2000 kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, alifuatilia vyama vya tiba vya Wamanyema wa Kigoma mjini kuanzia miaka ya 1850 hadi 1993. Habari ya vyama hivyo ni habari ya wanawake, uzazi na maradhi katika mji wa watu waliotoka mbali.

Wazee wetu wanazijua ngoma za mashetani. Mwanamke amefiwa na watoto, au hazai, au mume amemtelekeza. Anakonda, anakaa kimya, halali, kisha siku moja anapandisha. Hafungiwi chumbani. Shetani anaulizwa jina, anaulizwa ametoka wapi, anaulizwa anataka nini. Anapigiwa ngoma usiku kucha mbele ya jamaa na majirani. Kwa kinywa cha shetani yanasemwa ambayo mke hakuthubutu kumwambia mumewe, na mume analazimika kuyasikia mbele za watu na kutoa anachodaiwa. Ngoma ikiisha, mwanamke ana wenzake waliopitia hayohayo, watakaomtembelea akiugua tena. Baada ya miaka anaweza kuwa yeye ndiye anayewatuliza wengine.

Si lazima uamini mashetani ili kuona kilichotendeka hapo. Mgonjwa amesikilizwa. Ukoo umewajibishwa. Upweke umevunjwa. Aliyekuwa mzigo amepewa cheo. Kwa Watongwe, kusini zaidi, mtafiti wa Kijapani Makoto Kakeya alikaa na wafumu wao katika miaka ya 1970 akaandika jinsi wanavyochunguza maradhi: wanatafuta ugomvi kati ya ndugu, deni kwa wahenga, kinyongo cha jirani. Waislamu wa Ujiji wana kisomo na kombe, Wakristo wa Kasulu wana maombi. Njia ni nyingi, na zote huanza na jambo ambalo kliniki yenye foleni ndefu hulikosa, yaani muda wa kukaa na mtu.

Ulaya yenyewe imerudi huko. Katika Lapland ya Magharibi, Finland, tangu miaka ya 1980 madaktari walianza kukutana na mgonjwa pamoja na familia na jamaa zake wa karibu tangu siku za mwanzo, kila mtu akisema mbele ya mwenzake, na uamuzi wa dawa ukijadiliwa hapohapo. Mzee wa Kiha akielezwa utaratibu huo atauita kikao cha ukoo. Na Afrika ilikuwa imetangulia. Mwaka 1954 Dakta Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa Aro, Abeokuta, Nigeria: wagonjwa walipanga vijijini pamoja na ndugu zao, wakija hospitali kwa matibabu, na waganga wa Kiyoruba wakishirikishwa. Tanzania nayo baada ya uhuru ilijaribu vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, ili waliopata nafuu walime na kuishi badala ya kuozea wodini. Tulikuwa na fikra hizo wenyewe, tukaziacha zififie.

Nikiishia hapa nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Mikono ya waganga nayo ina damu. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Na bado vikundi vya kamchape huingia vijijini vikidai kutoa uchawi, vikitoza fedha na kuacha nyuma yake ndugu wasiosalimiana. Bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, mjane anayezungumza peke yake, mzee aliyeanza kusahau kwa sababu ubongo umechoka: hao ndio wanaonyooshewa kidole. Anayepiga ramli ya namna hiyo anachukua uchungu wa mtu mmoja na kumuua nao mwingine. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli chonganishi Januari 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, ilifanya lililostahili.

Kisha kuna kamba, minyororo na gogo. Kuna mgonjwa anayenyimwa chakula ili pepo amtoke, anayechapwa ili shetani aumie. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2020 kuhusu kufungwa minyororo kwa wenye matatizo ya akili, lilitaja nchi zipatazo 60 duniani. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni familia zinazompenda mgonjwa wao, zilizochoka, zisizo na pa kumpeleka. Mnyororo kwenye mguu wa kijana kijijini una ncha mbili: moja imefungwa kwenye mwembe, nyingine kwenye zahanati isiyo na muuguzi wa afya ya akili.

Kuna pia maradhi yanayotulizwa na kidonge, na kuyanyima kidonge ni ukatili. Malaria kali ikipanda kichwani humfanya mtu aropoke na kupigana, naye akipelekwa kwenye ngoma badala ya hospitali atakufa. Kifafa kimeharibu maisha ya watoto wengi walioambiwa wana mapepo, wakatengewa sahani na kikombe. Huko Mahenge, Morogoro, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kutibu kifafa karibu mwaka 1960, akionyesha kwamba dawa ya bei ndogo kama fenobabito inaweza kumrudisha mtu shambani na nyumbani. Hakuna ngoma iliyowahi kufanya hivyo kwa kifafa.

Lakini dawa nayo ina ukweli wake ambao wagonjwa hawaambiwi. Dawa kongwe kama haloperidoli na klopromazini, na ile sindano ya mwezi, huzima sauti na ghasia kwa wengi. Pia hukakamaza shingo, huleta mtetemeko, hutoa udenda, hunenepesha, humwacha mtu akiburuta miguu. Kijana anaona aibu, anaacha. Hali inarudi, familia inasema mkaidi, anashikwa na watu wanne na kuchomwa sindano nyingine. Kama mwanzoni angeelezwa, akapunguziwa kipimo, akapewa dawa ya kutuliza ukakamavu na kuulizwa angependa kuendelea vipi, mzunguko huo ungekatika kwa wengi. Tiba ya kulazimishwa humfundisha mtu kuikimbia tiba.

Hivi watu wako wapi hasa? Mwaka 2003 jarida la British Journal of Psychiatry lilitoa utafiti wa M. C. Ngoma na wenzake uliofanyika Dar es Salaam. Miongoni mwa waliokwenda vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Miongoni mwa waliokwenda kwa waganga wa jadi, walikuwa asilimia 48. Kama ndivyo ilivyo katika jiji lenye hospitali nyingi kuliko mji wowote nchini, fikirieni mwambao wetu. Anayesema waganga wafutwe anafuta mlango ambao wengi wenye uchungu wanaubisha. Anayesema waachwe wafanye wapendavyo anawaacha watu hao bila ulinzi.

Tuje sasa kwenye chanzo cha uchungu wenyewe. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Nia ilikuwa njema na ziwa lilihitaji pumziko. Lakini kwa miezi hiyo mitatu mvuvi wa dagaa wa Katonga alikuwa na deni la injini, mwanamke mwanika dagaa wa Kibirizi alikuwa hana cha kuanika, na ada za shule zilikuwa palepale. Mtu wa namna hiyo akifika zahanati akisema halali, moyo unakwenda mbio, mawazo hayakai mahali pamoja, akapewa vidonge vya usingizi na kuambiwa apunguze msongo wa mawazo, ametibiwa nini? Kosa la kanuni ya uvuvi iliyoandikwa bila kumfidia limeandikiwa cheti cha ugonjwa kwa jina lake.

Kwa wakimbizi jambo hili ni zito zaidi. Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, makumi ya maelfu ya watu kwenye ufuko mwembamba, kipindupindu kikawaingilia. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inawavusha kuja Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambini Nyarugusu. Huko waliwakuta Wakongo waliofika tangu mwaka 1996, kambi ilipofunguliwa. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Nyarugusu mwaka huo ni mtu mzima sasa. Kwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 anatakiwa kuishi katika eneo alilopangiwa na kutoka kwa kibali. Hawezi kupanga kesho yake, kwa sababu kesho yake inajadiliwa katika vikao ambavyo hakualikwa.

Na hapohapo, ng'ambo na kambini, ndipo palipopatikana ushahidi bora kwamba huduma njema haihitaji ghorofa. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo, kwa wanawake 405 waliobakwa au kushuhudia ubakaji, katika vijiji 15. Vijiji vingine vilipata tiba ya mazungumzo ya kikundi, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Walioendesha vikundi walikuwa wanawake wa hukohuko waliopewa mafunzo, wala si madaktari. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya vikundi, na asilimia 42 katika vijiji vingine. Ndani ya Nyarugusu, mradi uliopewa jina la Nguvu ulijaribu njia iliyo karibu na hiyo kwa wanawake wa Kikongo waliokuwa wakipigwa na waume zao.

Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda amewafundisha mabibi kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kupanga jambo moja la kutatua. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha nafuu kubwa, na benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Mabibi tunao Ujiji. Wamekuwa wakifanya kazi hiyo bila posho na bila mtu wa kumpelekea mgonjwa anapowazidi.

Hata hivyo sitaki ushahidi huu utumiwe kama kisingizio. Kikundi cha mazungumzo kinaweza kumpunguzia mwanamke jinamizi, lakini hakiwezi kumpa ruhusa ya kufanya kazi wala kumhakikishia kwamba hatarudishwa asikotaka. Tukimfundisha mkimbizi kuvumilia tu, tutakuwa tumerudi kwa Carothers kwa njia ya upole.

Sheria zetu nazo zinahitaji kusemwa. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili na kuachana na ile ya kikoloni. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaowahusu pia wenye ulemavu wa akili na unaotaka matibabu yawe kwa ridhaa ya mtu. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Anayehitaji mkono anapewa pingu, na familia yake inaficha tukio badala ya kukimbilia msaada. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho cha kwao kinapingana na Katiba. Bunge letu halina haja ya kusubiri mahakama. Kifutwe.

Nadai mambo haya kwa mkoa wetu, na nayadai kwa majina ya wanaohusika. Halmashauri zote, kuanzia Manispaa ya Kigoma-Ujiji hadi Uvinza, Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, zitenge fungu la afya ya akili linaloonekana katika kitabu cha bajeti, lenye kuhakikisha kila kituo cha afya kina muuguzi aliyesomea kazi hiyo na dawa zisizokatika, pamoja na safari za boti kwa vijiji vya mwambao visivyo na barabara. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanawake wazee wanaoaminika wafundishwe tiba ya mazungumzo na walipwe.

Waganga waliosajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 waitwe mezani na Hospitali ya Maweni ya mkoa wetu, wawekeane masharti: hakuna kufunga, hakuna kupiga, hakuna kumtaja mchawi, hakuna kumwachisha mtu dawa, na mwenye homa, degedege au ujauzito apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali nayo ikubali masharti yake: kumweleza mgonjwa dawa na madhara yake, kumwita ndugu anayemtaka yeye, kuacha kuona kisomo chake au ngoma yake kama ushahidi wa ujinga, na kutumia nguvu pale tu maisha yanapokuwa hatarini, kwa muda mfupi, na kwa maandishi yanayoweza kukaguliwa.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu haligharimu fedha bali mamlaka. Katika kila kamati itakayopanga mambo haya wawepo watu waliougua. Namkusudia aliyewahi kufungwa na akafunguliwa, aliyepelekwa Mirembe akarudi, aliyepandisha na akatulizwa, aliyeacha dawa na anayejua kwa nini aliacha. Hao wanajua kilichowasaidia na kilichowavunja. Daktari atasema dawa ipi ina nguvu, mganga atasema ngoma ipi inafaa, diwani atasema fedha zipo au hazipo. Mtu pekee anayeweza kusema kama maisha yake yamerudi ni mwenyewe, na mpaka sauti yake iwe na kura katika vikao vyetu, tutaendelea kuyapanga maisha yake bila yeye.